Mikono Ishirini na Minne

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nane na dakika kumi mchana, Rumaisa alifukia nyumba ya mwenzake kwa kidole kimoja.

Ilikuwa nyumba ya ndani ya kompyuta. Gredi ya sita walikuwa wakiujenga mtaa wao wa Wiyoni katika mchezo wa bloku. Kila bloku ilihesabiwa mita moja, nazo ziliwekwa moja baada ya moja. Lakini ilikuwepo amri ya kujaza: unaandika ukubwa unaoutaka, na mawe yanajaa papo hapo. Mwalimu Keziah aliahidi kuifunga amri hiyo. Hakuifunga. Wageni wa kuutazama mtaa walikuwa waje shuleni Ijumaa, naye alitaka uishe.

Rumaisa alitaka kujaza jengo lake zima mawe, kisha atoboe vyumba. Vipimo alipewa na babu yake, Badawi, fundi wa kujenga. "Urefu mikono ishirini na minne, upana kumi na sita," alimwambia, maana yeye hupima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Rumaisa akaandika ishirini na nne, kumi na sita. Mawe yakavuka ujia, yakaijaza nyumba ya Kirimi hadi darini, nyumba aliyoijenga kwa wiki sita. Rumaisa akazima kompyuta, akaondoka.

Asubuhi Mwalimu Keziah akaona. "Kirimi, jana wewe ndiwe uliyebaki mwisho ukafunga darasa. Umeiziba wewe."

"Mwalimu, nani ataziba nyumba yake mwenyewe?"

"Huyu wa bara hajui nyumba," Ubaid akasema. "Amejenga kaburi." Darasa likacheka.

Mwalimu hakuuliza zaidi. Alilikata jina la Kirimi katika orodha ya watakaowaonyesha wageni mtaa. Rumaisa alitazama meza yake.

Alasiri alimkuta babu yake akikoroga chokaa.

"Babu, mikono ishirini na minne ni mita ngapi?"

"Kama kumi na mbili hivi. Kwani?"

Rumaisa akamweleza yote. Mzee akauweka mwiko chini.

"Yaani umeziba ndia ya watu kupita, ukafukia nyumba, na aliyehukumiwa ni mwenye nyumba?"

"Naogopa, Babu."

"Ogopa, lakini kesho utasema. Mimi nikikosea kipimo, ukuta naubomoa mwenyewe na mwenye nyumba ananitazama. Simsingizii jirani."

Alhamisi walikwenda shuleni pamoja. Rumaisa alisimama mbele ya darasa akasema kila kitu. Ubaid naye akatazama meza yake. Mwalimu Keziah akaliandika upya jina la Kirimi, bila kumtazama.

"Umeningojesha siku nzima nikichekwa," Kirimi alimwambia Rumaisa.

"Najua. Nisamehe. Nitayatoa mawe yote."

"Kwa amri?"

"Hapana. Moja moja."

Akayatoa moja moja, Kirimi amekaa kando yake. "Daka langu la mbele ya mlango lilikuwa na ngazi tatu, si mbili," alisema, na Rumaisa akaongeza ya tatu. Kufika alasiri nyumba ilikuwa imesimama, na Kirimi mwenyewe akaweka mlango.

Mzee Badawi alirudi kumchukua mjukuu wake. "Umeona?" alimwambia. "Kosa la kipimo ni la kila fundi. Kunyamaza mwenzako akiadhibiwa, hilo ndilo lililokuwa baya. Leo umelibeba lako."

Kisha akamgeukia mwalimu, mikono ingali na chokaa.

"Bi Keziah, mimi sikusoma, na kompyuta siijui. Lakini mtoto amekiri, amebomoa, amejenga upya. Wewe uliahidi kufunga amri, hukuifunga. Ukamhukumu mtoto wa watu bila kumsikiliza. Sasa niambie: wakubwa wakikosea, jina lao hukatwa katika orodha gani?"

Mwalimu Keziah aliishika kalamu yake. Darasa zima likamgeukia, likingoja.