Sampuli ya Mama Luka

Kila asubuhi Mageni, ambaye majirani humwita Mama Luka, huponda mawe ya dhahabu huko Kharumwa. Kuna wakati aliponda kwa mkono mmoja. Titi lake la kushoto lilikuwa na uvimbe mgumu kama kokoto.

Hospitali kubwa walikata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, wakapima, wakamwambia ni saratani. Kisha wakamtajia utafiti wa dawa mpya. Tangu siku hiyo hakurudi, na uvimbe ukazidi kukua.

"Mwangaluka, mayu," jirani yake Justa alimsalimu kwa Kisukuma, akachukua nyundo aponde yeye. "Mbona hurudi hospitali?"

"Justa, sisi ni watu wa machimbo. Mtu anachukua sampuli ya jiwe lako, anarudi anasema halina kitu. Kesho unaona kaweka mashine shimoni kwako. Hao wana nyama yangu. Sasa wanataka kunijaribia dawa. Mimi panya?"

"Mimi nilikatwa titi kwa saratani, na bado nipo. Si ulidhani nimerogwa?"

"Nilidhani. Hata uji wako sikunywa."

Justa akacheka. "Jumamosi twende mjini, Kalangalala. Wagonjwa wa saratani tuna kikundi huko. Muuguzi wa ule utafiti huja, kamuulize mwenyewe."

Kikundini walimpisha kiti chenye mto. Muuguzi Anisia akamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikijiandikisha, unalipwa nini?"

"Mshahara wangu ni uleule, ujiandikishe usijiandikishe. Wote mnapata matibabu ya kawaida. Baada ya upasuaji, wengine wanaongezewa dawa mpya, tuone kama inasaidia zaidi. Hatuna hakika. Inaweza pia kukuchosha."

"Nani anachagua wa kuongezewa?"

"Hakuna. Ni kama kura."

"Nikikataa?"

"Unatibiwa vilevile. Ukikubali, unaweza kujitoa siku yoyote."

Maneno matamu hata mnunuzi wa dhahabu anayo. Mageni akamkazia macho. "Basi nakataa utafiti. Nataka matibabu tu."

"Sawa, mama. Karibu hospitali Jumatatu."

Jumatatu alikwenda akitegemea kuwekwa mwisho wa foleni. Hakuwekwa. Anisia alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa. Dawa za kawaida zilipomtapisha, Justa alimshikia beseni. Safari iliyofuata, ikawa hivyohivyo. Hakuna aliyemnunia.

Upasuaji ulipokaribia, Mageni akasema, "Anisia, hebu nisomee zile karatasi za utafiti. Polepole."

Aliuliza mpaka akachoka yeye. Kisha akaweka dole gumba.

Baada ya upasuaji, kura ilimwangukia kwenye dawa mpya. Ilimchosha kweli, na Anisia alikuwa akimpigia simu kumjulia hali. Mwaka uliofuata vipimo havikuonyesha saratani. Bado anakwenda kliniki kuangaliwa. Na anaponda mawe kwa mikono miwili.

Jumamosi moja mama mgeni alikaa pembeni kikundini, mkoba kifuani. "Nasikia hapa wanatufanyia majaribio," alinong'ona.

Mageni akampisha kile kiti chenye mto.

"Matibabu usiache. Utafiti, ukiuogopa, kataa kwanza," akamwambia. "Uone kama watakununia."