Mshahara Usiorudi

Walikutana kwenye msukumano wa metro ya Porte de Namur: Rayhana kajitanda mtandio wa njano, Tshibangu kapiga suti ya kijani na viatu vinavyong'aa. Wote walining'iniza shingoni vitambulisho vya ofisi moja ya Wamarekani, cha Tshibangu kimeandikwa dereva.

"Bon, maman, tunatumika fasi moja na sijakuonaka?"

"Utanionaje, dereva wa wakubwa? Mimi niko kantini, na masufuria."

Tshibangu akacheka. Basi tena, Rayhana kwisha habari yake.

Walipita geti moja kila asubuhi, kwa hiyo Rayhana hakujali kwamba Tshibangu aliajiriwa na serikali ya Marekani yenyewe, na yeye na kampuni ya kandarasi. Oktoba, wakubwa wa Washington wakagombania bajeti, serikali yao ikafungwa. Mishahara ikasimama, kantini nayo ikafungwa. Rafiki yake Bieke akamtafutia kazi Antwerp, kwenye nyumba ya wazee, aanze mara moja.

Rayhana akampigia Tshibangu. "Chéri, niende?"

"Uende wapi, mon cœur? Wakifungua watatulipa yote ya nyuma, siye bote."

"Una uhakika?"

"Mi nakuambia. Donc, kaa."

Jamani, mapenzi haya! Akaikataa kazi. Akabaki kwenye chumba chake cha Schaerbeek anakula wali mtupu, mwenye nyumba anamgongea mlango.

Novemba serikali ikafunguliwa. Tshibangu akaja ananukia, na pete mkononi.

"Nikuoe, Rayhana. Mshahara umeingia wote!"

"Wangu haujaingia. Kampuni wanasema sisi wa kandarasi haturudishiwi kitu." Akamkazia macho. "Ulijua?"

Tshibangu akatazama viatu vyake. "Chef wa ofisi alituambia tangu mwanzo. Lakini ungeenda Antwerp. Niliogopa utanisahau."

"Antwerp ni hapo tu kwa treni, we mwanaume! Ungekuja kila Jumapili!"

"Pardon. Nitakulipa mimi, yote."

"Nani kakudai? Nilikuuliza, ukanidanganya. Ukaja hapa, ukaniona nakula wali mkavu, ukanyamaza. Na ukanibusu!"

Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko njaa. Pete ilikuwa nzuri, ya saizi yake kabisa. Akamfumbatisha kiganjani, akamfungulia mlango.

"Rayhana..."

"Nenda, chéri. Nenda kabla sijakuamini tena."