Jamaa wa Karibu

Mvua ya Aprili haipigi hodi. Jumatatu hiyo ya mwaka wa tisini na saba ilimkuta Adhis katikati ya soko la Kawangware, amevaa sketi ya zambarau aliyoipiga pasi alfajiri kwake Laini Saba, Kibera, mkononi ana mwavuli mpya. Watu walikimbilia chini ya vibanda, sukuma wiki na mitumba ikafunikwa nailoni. Mwanamume mmoja mrefu, mwenye tai nyekundu, alibaki njiani amekumbatia kitu kizito cha kioo, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Wee! TV itanyeshewa!" Adhis akamfungulia mwavuli.

"Si TV, madam. Ni kompyuta. Ikiingia maji, mimi nimekwisha."

"Basi songa karibu. Na usinikanyage viatu."

Wakatembea bega kwa bega kwenye matope. Mwanamume alinukia sabuni, na Adhis, ambaye si mtu wa kubabaishwa na sabuni, alijikuta anapunguza mwendo.

"Mimi naitwa Muigai," akasema. "Niko na kachuo ka kompyuta juu ya bucha, pale mtaa wa Kongo. Na wewe?"

"Adhiambo. Wengi huniita Adhis."

"Adhis, mwavuli wako ni mdogo."

"Ni wa mtu mmoja. Wewe ndiye umejialika."

Muigai akacheka mpaka kompyuta ikatikisika. "Naipeleka bekari ya Mzee Gachanja. Kuna mtu huko wa kadi za wafanyakazi. Wanasema kazi yake sasa itafanywa na hii mashine."

Adhis akauvuta mwavuli wote upande wake. Matone yakaanza kudunda juu ya kioo.

"Madam! Nini tena?"

"Huyo mtu wa kadi ni mimi."

Kwa miaka sita Adhis alikuwa afisa wa wafanyakazi pale bekari. Watu mia moja na arubaini walikaa ndani ya masanduku yake ya mbao, kila mmoja na kadi yake, lakini kwa kweli walikaa kichwani mwake. Fomu haikutoka mezani kwake ikiwa na pengo, hasa pale palipoandikwa jamaa wa karibu. "Oveni ikikuchoma nitamwita nani?" angeuliza. "Redio?"

Mzee Gachanja, mwenye bekari na nusu ya ploti za mtaa ule, aliagiza kadi zote ziingizwe kwenye kompyuta. Adhis asome, Muigai achape. Wiki ya kwanza alimsomea kwa sauti ya hakimu. Wiki ya pili wakagawana mkate wa moto na chai. Ya tatu, Muigai akiwa ametoka nje saa ya chakula, simu ya mezani ililia.

"Hello, ni ofisi ya wafanyakazi? Nataka kuripoti mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa moyo. Tangu siku ya mvua."

Dirishani, ng'ambo ya barabara, tai nyekundu ilikuwa ikimpungia kutoka kibanda cha simu. Adhis akajing'ata mdomo asicheke.

"Ruhusa ya ugonjwa hatupeani kwa simu. Njoo na barua."

"Nikija, utanitibu?"

"Nitaangalia kama uko kwa kadi."

Alikuwa ameshapenda, na alijua. Akirudi jioni kwa miguu kuelekea Kibera alikuwa anaimba, hata mama wa samaki karibu na reli akamuuliza nani amekufa akamwachia shamba.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia Muigai. Pale bekari, mtu akiugua au akienda mazishi ocha, kijijini, ndugu yake alimshikia kazi. Alifanya kazi kwa kadi ileile, kwa jina lilelile, ili nafasi isichukuliwe. Adhis aliwajua wote kwa sura, akanyamaza. Ogola wa oveni alipolazwa wiki tatu kwa taifodi, mdogo wake Billy ndiye aliyeoka.

Muigai akaingiza kadi ya Ogola, yenye siku zake za kazi, kisha akaingiza barua ya hospitali. Mashine ikamwonyesha mtu aliyekuwa kitandani na kwenye oveni siku zilezile. Akadhani amekosea kuchapa. Mzee Gachanja alipopita na kofia yake akiuliza kazi inaendaje, Muigai akamchekea: "Bado nina makosa, mzee. Hapa Ogola yuko hospitali na bado anaoka mkate!"

Mzee hakucheka; alielewa kuna mtu aliyeoka kwa jina la Ogola. Alimwita Adhis. Ijumaa, akasema, utanieleza kwa nini Ogola na wewe msiende nyumbani, nibaki na mashine isiyoficha.

Adhis akamkuta Muigai kando ya masanduku ya kadi.

"Ungeniuliza! Nilikuwa hapo, hatua mbili!"

"Adhis, wallahi niliona ni kosa langu..."

"Mashine imekuuliza, wewe ukaenda kumjibu mzee. Mimi mdomo wangu ni wa nini?"

Siku tatu simu ya mezani ililia saa ya chakula, na siku tatu Adhis aliinua mkono wa simu na kuurudisha. Ilimuuma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba na yeye alikuwa amemficha siri hiyo.

Ijumaa alivaa ile sketi ya zambarau, maana mtu akifukuzwa afukuzwe amependeza. Hajafungua kinywa mbele ya mzee, Muigai akaingia na karatasi ndefu kutoka kwa mashine.

"Mzee, mimi niliuliza swali moja tu nikakimbilia kuongea. Jana nimeuliza lingine. Kwa miaka sita, oveni imelala siku ngapi kwa kukosa mtu?"

"Ngapi?"

"Hata moja. Na mashine haijui ni kwa nini. Nimeiwekea nafasi ya jina la aliyeshikia, lakini anayeweza kuijaza ni mmoja."

Wote wakamtazama Adhis.

"Ogola, alishikiwa na Billy mdogo wake. Wakoli, shemeji yake. Nafuna alipojifungua, binti wa dada yake." Akataja kumi na tisa bila kugusa kadi. "Nilikosa, mzee. Ningekuambia mapema."

Mzee Gachanja akavua kofia. "Na huyo Billy, mkate wake ulikuwa mbaya?"

"Ulikuwa ule wa Pasaka, mzee. Uliusifu mbele ya wageni wako."

Mzee akakohoa, kikohozi kikageuka kicheko. "Haya. Kadi ziende kwa mashine. Wewe nitakuwekea viti viwili, uketi na watu, hiyo ndiyo kazi yako sasa. Lakini mtu akishikiwa, jina la aliyemshikia liandikwe. Na huyu kijana abaki aangalie mashine. Mpe fomu."

Muigai akaketi kwenye kiti cha wageni, akajaza fomu polepole, akaisukuma mezani. Adhis akaipitia kwa kidole. Jamaa wa karibu: Adhiambo, wa Laini Saba. Uhusiano: hapakuandikwa kitu.

"Umeacha pengo," akasema.

"Nimeogopa kujibu kabla sijakuuliza. Hilo nimefunzwa." Tai nyekundu ilikuwa imepinda. "Adhis wangu, nijaze nini hapo?"

Adhis akachukua kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa: MCHUMBA. Kisha akaigonga fomu mhuri mpaka meza ikaruka, na machozi yakamtoka akicheka.

Dirishani vichwa vya waokaji vilikuwa vimejaa, kofia nyeupe za unga tupu.

"Madam!" Billy, aliyekuwa amekuja na kaka yake, akapaza sauti. "Na huyu akiugua, nani atamshikia?"

"Hiyo nafasi," Adhis akajibu, amemshika Muigai mkono, "haina wa kushikia!"