Maji ya Mzazi

Fundi alifika mlangoni, ghorofa ya sita, akiwa mkavu kabisa, na nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Chausiku hakuliona hilo. Mtu mwenye hasira huona anachokitaka tu, na alichokitaka yeye siku ile ni mtu wa ovaroli mwenye mfuko wa vifaa. Huyu alikuwa navyo vyote. Tena alikuwa amekwisha kuvalisha viatu vyake vile vifuko vya plastiki vya buluu, ambavyo mafundi wa Guangzhou, kule Uchina, huvaa wasichafue nyumba za watu, na ndani ya vifuko hivyo miguu yake ilionekana mifupi na ya mviringo. Hilo nalo lilimpita. Alimwonyesha kibaraza cha jikoni, mahali hita ilipotundikwa, akamfuata nyuma akigomba.

Hasira yake ilikuwa na haki. Mdogo wake, Swalha, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba, na kwao Tanga jambo hili halina mjadala: mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini iishe. Mama yao alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo kazi ya kukanda ilimwangukia Chausiku. Aliacha shughuli zake za kununua mashuka na mapazia ya kupeleka Dar es Salaam, akahamia kwa mdogo wake na shemeji yake Murshid, kwenye fleti yao ya mtaa wa Xiaobei. Na siku aliyotoka Swalha hospitali ndiyo siku iliyokufa hita ya gesi. Ukifungua bomba ilitoa tik, tik, tik, kama mtu anayekwaruza kiberiti kilicholowa, kisha ikanyamaza, na maji yakaja ya kuuma mifupa. Januari ya Guangzhou haina theluji, lakini baridi yake ni ya unyevu. Inaingia ukutani, inaingia kwenye godoro, na nguo unazoanika zinabaki mbichi mpaka unasahau ulizifua lini.

Murshid alimpigia mwenye nyumba, mama mmoja aliyeitwa Bi Liang. Bi Liang akajibu mingtian, yaani kesho. Kesho ilipofika akajibu mingtian tena. Chausiku akawa anachemsha maji kwa birika la umeme na sufuria ya umeme ya wali, umeme ukikatika kila vyombo viwili vinapowashwa pamoja, na siku moja mvuke ukamchoma kifundo cha mkono. Ndipo alipomnyang'anya shemeji yake simu akampigia Bi Liang mwenyewe. Alianza kwa Kichina chake cha sokoni, kikamwishia njiani, akamalizia kwa Kiswahili.

"Basi niletee yeyote," alisema. "Akiwa mtu, akiwa si mtu, mimi sijali. Aje awashe maji ya mzazi huyu."

Akakata simu. Murshid alimwambia kwa upole kwamba maneno kama yale hayasemwi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Chausiku akamjibu kwamba kama kungekuwa na mwanamume wa kusema na mwenye nyumba, yasingesemwa. Alasiri ile ile mlango ukagongwa.

Fundi hakutoa kifaa hata kimoja mfukoni. Alikibandua kifuniko, akaingiza mkono ndani ya hita hadi begani, ingawa hita yenyewe haikuwa na kina cha kumeza zaidi ya kiganja. Chausiku aliona kwa pembe ya jicho, akadhani ni kiza cha kibaraza. Yule mtu akageuka, akainua kidevu kuelekea chumbani, mtoto alikokuwa akilia, kama anayeuliza maji ni ya nani.

"Ya mzazi," Chausiku alisema kwa Kiswahili, bila kufikiri.

Fundi akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akafungua bomba, mvuke ukajaa jikoni, na pamoja na mvuke ikaja harufu hafifu ya nywele zilizoungua. Hakudai kitu. Alipokwisha kuondoka ndipo Murshid alipouliza nani alimfungulia geti la chini, kwa sababu yeye hakubonyeza kitufe.

Jioni hiyo Chausiku alimkanda mdogo wake kama inavyopaswa, kwa taulo zito na maji ya kutoa jasho. Swalha alishukuru, kisha akaomba blanketi. Chausiku alimwambia ni ubaridi wa uzazi na utatoka. Asubuhi akamkanda tena, na tena mdogo wake akatetemeka. Kadiri maji yalivyozidi moto ndivyo Swalha alivyozidi kupoa. Midomo yake ikawa ya kijivu. Ukimshika mgongo huku maji yakimtiririka, ngozi ilikuwa kama ya samaki wa kwenye barafu. Kisha mtoto akaanza kukataa ziwa. Alikuwa akinyonya funda moja anatema, anajikunja, analia kilio cha mtu mzima. Chausiku alikamua tone moja kwenye kiganja chake ili aone kuna nini.

Maziwa yalikuwa baridi kama yaliyotoka friji.

Walimpeleka Swalha hospitali. Daktari alipima damu, akapima moyo, hakuona ugonjwa, akashauri mgonjwa aoge na anywe maji ya moto kwa wingi. Chausiku alimfokea mbele ya foleni nzima. Murshid akamvuta mkono, akamsihi apunguze sauti, watu wanatazama, na hilo likamtia hasira kuliko yote. Tangu alipofika katika nyumba ile alikuwa akiambiwa apunguze sauti, na hakuna aliyemwambia Bi Liang afanye haraka.

Jioni ya siku hiyo, wakati adhana ya magharibi ikilia kwenye simu ya Murshid, fundi akarudi. Safari hii hakubisha kwa vidole.

"Hodi," alisema, na kilikuwa Kiswahili cha kwao, cha watu wa Pangani, chenye mkokoto wa wazee. "Nimekuja kuongeza moto, mwanangu."

Chausiku alibaki ameshika kitasa. Hakumkaribisha, lakini yule mtu alikwisha kukaribishwa siku ile ya simu, akapita ubavuni mwake kama upepo wa tanuri, akaenda kibarazani, akaingiza mkono katika hita, na hapo ndipo Chausiku aliposikia sauti ambayo tangu juzi alikuwa akijiambia ni ya mabomba: ilikuwa pumzi, ikivutwa na kushushwa ndani ya ukuta, polepole, na kutoka chumbani, kwa mwendo ule ule, Swalha alikuwa akivuta na kushusha yake, wote wawili kwa pamoja, ukuta na mzazi, mpaka mtu asingeweza kusema ni nani kati yao anayempumulia mwenzake. Alipopata nguvu ya kugeuka, kibaraza kilikuwa kitupu. Mlango haukufunguliwa.

Kesho yake asubuhi mlango uligongwa tena, na Chausiku aliuendea akiwa na mchi mkononi. Aliyekuwa nje alikuwa mtu mnene aliyeloa mvua chapachapa, akihema kwa ngazi. Aliitwa Lu, fundi halisi, ametumwa na Bi Liang. Aliomba radhi kwa kuchelewa na kusema kwamba ameambiwa habari za hita hii jana tu. Chausiku akaelewa. Kila mingtian waliyoambiwa ilikuwa uongo, na aliyekuja mwanzo hakutumwa na mwanadamu.

Lu alivaa vifuko vyake vya plastiki, vikalala bapa juu ya viatu vyake. Alipokibandua kifuniko akamwita Chausiku aje atazame. Ndani kulikuwa na utando wa buibui. Mahali moto unapowakia palikuwa pameliwa na kutu mpaka pakatoboka, bomba la gesi lilikuwa limekatika, na koki ya chini ilikuwa imefungwa na kugandiana na uchafu. Lu alizungumza na simu yake, nayo ikatafsiri kwa Kiingereza kibovu kwamba mashine hii haiwezi kupasha moto hata kikombe cha chai. Chausiku alinyoosha mkono akafungua bomba.

Maji yalitoka yakichemka. Chumbani Swalha akapiga ukelele.

Lu alilifunga bomba yeye mwenyewe, haraka, akiungua vidole. Alikusanya vifaa vyake bila kuvipanga. Mlangoni alisema kitu na simu ikatafsiri: msifungue tena. Akashuka ngazi akikimbia.

Murshid akaenda mtaa wa Guangyuan Xilu kumleta Maalim Abdulsamad, Mmombasa aliyekuwa akinunua nguo za jumla, na ambaye Waswahili wa mji ule walimwita wapatapo mitihani kama hii. Maalim alikaa kitandani pa Swalha akaanza kusoma. Bomba la jikoni likajifungua lenyewe. Kila alivyopandisha sauti maji yaliunguruma zaidi, na Swalha akawa anasema kwa sauti ndogo kwamba anaganda, dada, naganda, huku kucha zake zikigeuka buluu. Maalim akanyamaza, na bomba nalo likanyamaza.

"Nikisoma, huyo aliye ukutani anamvuta mgonjwa," alinong'ona. "Amefungwa na kauli. Nani alimwita?"

Chausiku akasema ni yeye. Murshid alisimama, na kwa mara ya kwanza akapaza sauti. Alimwambia amemuua mke wake kwa ulimi wake. Chausiku alimtazama shemeji yake mpaka akamaliza.

"Mimi nilitaka maji ya moto ya kumkanda mzazi," alisema. "Yaliombwa kwa adabu, tukaambiwa kesho. Kama dhambi ni kupiga kelele, basi tuanze kuhesabu na waliokaa kimya."

Maalim aliwaomba wote wawili wanyamaze. Alisema kisomo chake hakiwezi kumtoa aliyealikwa na mwingine. Aliyemwita ndiye wa kumwondoa, kizingitini, uso kwa uso, na asikubali aingie hata akija na sura ya mama yake mzazi.

Magharibi ikaingia. Murshid alimbeba mtoto, akaketi kando ya mkewe, Maalim akasimama katikati ya mlango wa chumba. Chausiku alifungua mlango wa nje kabla haujagongwa. Yule mtu alikuwa pale, mkavu, na harufu ya nywele zilizoungua ilijaa ngazi zote mpaka chini.

"Leo huingii," Chausiku alisema.

"Uliniita."

"Nilikuita kwa hasira."

"Ndiyo maana nilikusikia."

"Ile kauli nairudisha. Toka."

Yule mtu hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Chausiku kuliko yote aliyoyaona. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi yake kwamba kauli hurudi, sawa, lakini joto haliokotwi njiani. Joto la kila ndoo iliyommwagikia mzazi lilitoka kwa mzazi mwenyewe. Likirudishwa kwake, sharti litoke kwa mwingine. Akachungulia juu ya bega la Chausiku, kuelekea chumbani.

"Kuna mdogo mle. Ana moto mzuri."

Chausiku alihisi hasira yake yote ikija mara moja, hasira ya Bi Liang na daktari na shemeji na birika na umeme unaokatika, na hasira ya zamani zaidi, ya mama aliyekufa mapema akamwachia yeye kila kitu akibebe, ikampanda kutoka miguuni mpaka masikio yakawa yanawaka, na katika maisha yake hakuwahi kuwa na moto kama ule.

"Mtoto humgusi," alisema. "Chukua kwangu. Unaona ninalo."

"Unalo jingi," yule mtu alikubali.

Akanyoosha mikono, viganja juu, kama mgeni anayesubiri kunawishwa. Chausiku akampa yake. Haikuuma. Ilikuwa kama kuvuliwa nguo na mtu asiye na haraka, kidole baada ya kidole, kiganja, kifundo, na alijaribu kujinasua akashindwa, kwa sababu mwenye kujua kiasi alikuwa yule na si yeye. Alipoachiwa, ngazi zilikuwa tupu. Jikoni hita iling'oka ukutani ikaanguka chini ikapasuka, na bomba likakohoa kutu nyekundu, kisha maji ya baridi tu. Chumbani Swalha aliomba wamwondolee mablanketi. Alisema anatokwa jasho.

Usiku haujaingia vizuri mtoto alikuwa akinyonya bila kutema.

Lu alirudi kufunga hita mpya baada ya Maalim kumhakikishia kwamba yule mtu hayupo tena. Bi Liang alikuja mwenyewe na mfuko wa machungwa, akitabasamu. Chausiku alimgombeza pale pale mlangoni, kwa Kichina na kwa Kiswahili, mpaka majirani wa chini wakatoka kutazama, na Bi Liang akashuka akilia na machungwa yake. Murshid hakumwambia apunguze sauti. Chausiku mwenyewe aliposimama kuvuta pumzi aligundua kwamba uso wake haukuwa na joto, wala kifua. Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ikitoa moshi vinywani mwa watu wote ngazini isipokuwa kinywa chake.

Kumkanda mdogo wake hakuweza tena. Taulo la maji ya moto lilipoa mara tu alipolishika. Walimtafuta mama mmoja Mkongo kutoka jengo la pili, akaifanya kazi hiyo mpaka mwisho.

Siku ya arobaini wanawake wa Xiaobei walijaa fleti ile, na pilau, na udi, na vifijo. Mtoto alikuwa amenona. Alipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akimbusu na kumtajia anayefanana naye, mpaka akamfikia mama mmoja aliyekaa karibu na Chausiku, naye akamwinua amkabidhi.

"Mshike na wewe, mama mkubwa wee. Wewe ndiye uliyemlea."

Chausiku alikuwa amekwisha kupeleka mikono nyuma ya mgongo.

"Nina mafua," alisema. "Mpeni mama yake."