Bodi Yangu, Injini Yako

Mtaa wa vipuri hauna adabu Jumamosi asubuhi. Watu wanapigana vikumbo, nyundo zinagonga vyuma, wauzaji wanamwita kila mpita njia bosi, na mwenye haraka anakanyagwa miguu sawasawa na asiye na haraka. Fundi wa meno bandia aliingia humo na gauni lake la bluu lililobana kiunoni, raba nyeupe na kitambaa chekundu kichwani, akitafuta kitu kimoja tu: kioo cha taa ya nyuma ya gari ambalo lilitoka kiwandani kabla wengi wa wale wauzaji hawajazaliwa. Alizunguka mpaka kisigino kikamuuma. Hatimaye alikiona chini ya lundo la taa zilizopasuka, chekundu, cha mviringo, kizima. Alipokivuta, akakuta upande wa pili kuna mkono mwingine unakivuta.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, amevaa ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi. Pasi ile ndiyo iliyomshangaza, maana katika maisha yake hakuwahi kuona mtu anayenyoosha ovaroli.

"Dada, hiki nimekishika mimi kwanza," mwanamume alisema kwa upole.

"Kaka, ungekishika kwanza kisingekuwa mkononi mwangu."

"Kipo mikononi mwetu sote."

"Basi mmoja aachie. Na mimi siachii."

Mwanamume alicheka, akamuuliza anakitakia nini kioo cha gari lililokwisha kupotea barabarani. Fundi wa meno akamjibu kwamba kwake halijapotea, lipo uani, lina bodi nzima na milango yake miwili. Tatizo ni kwamba halina injini, na alipohamia nyumba ile alikuta kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwanamume akaachia kioo palepale. Alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu aliyepotea.

"Injini yake ninayo mimi," alisema.

"Wapi?"

"Sebuleni."

Ilibidi aeleze. Yeye alikuwa fundi wa lifti. Gari kama lile lilikuwa la mjomba wake, likaangukiwa na ukuta msimu wa mvua, na kilichopona ni injini peke yake. Akaipakia kwenye lifti siku ya mapumziko majirani wakiwa hawapo, akaipandisha hadi kwake, akaifunika kitambaa cha meza na kuweka televisheni juu. Mgeni akija huidhani meza mpaka aigonge kwa goti.

"Niuzie," alisema fundi wa meno.

"Niuzie wewe bodi."

Hakuna aliyekubali. Walibishana mpaka muuzaji, aliyekuwa amechoka nao, akawaambia wakaziunganishe huko mbele ya safari na wamwondolee kelele. Walitazamana. Lilikuwa wazo la mtu aliyekereka, lakini ndilo lililokuwa la maana asubuhi ile.

Sasa ni lazima ijulikane kwa nini yule dada alikuwa mgumu namna ile. Kabla ya nyumba ile yenye kuku alikuwa na mchumba, daktari wa meno. Walifungua maabara pamoja. Kila jino lililotoka mle lilichongwa kwa vidole vyake, lakini kwenye mlango liliandikwa jina la daktari, na wateja walimshukuru daktari. Uchumba ulipovunjika, alitoka na mfuko wa nguo na vifaa vyake vya kuchongea, na watu wakamwuliza kama sasa ataanza kujifunza kazi. Siku ile alikata kauli kwamba kitakachofuata kitakuwa chake, na kitajulikana kuwa chake. Kilichofuata kikawa gari bovu lililoachwa uani. Shangazi yake, dada wa baba yake, aliyehamia kwake ili asiwe mpweke, alimwambia kuwa gari lisilotembea ni banda la kuku tu. Akamjibu kwamba litatembea.

Injini ikateremka kwa lifti, ikaja. Jumamosi zao zote zikaishia uani. Yeye alikwangua kutu kwa msasa na kujaza pati kwenye mabonde ya bodi, akiilainisha kwa kidole gumba kama anavyolainisha fizi za nta. Fundi wa lifti alifunga winchi ya mnyororo kwenye boriti ya kibanda kilicholifunika gari na kumfundisha kuivuta. Kabureta waliifungua juu ya meza ya jikoni, na shangazi akawaambia kuwa akikuta nati kwenye chakula atahama. Siku za kazi walipigiana simu.

"Uko wapi?"

"Juu ya lifti, katikati ya ghorofa mbili. Nimekukumbuka."

"Umenikumbuka au umekwama?"

"Kwangu ni hali moja, laazizi."

Fundi wa meno alikuwa anacheka peke yake katika maabara alikoajiriwa sasa, na meno ya watu yamepangwa mbele yake yakicheka naye.

Gari lilipowaka, lilikohoa, likatema moshi mweusi kwenye nguo alizoanika shangazi, halafu likatulia na kuunguruma. Wakaanza safari. Wakaenda milimani, likichemka kila mteremko ulipogeuka kupanda, nao wanaketi kando ya barabara kungoja rejeta ipoe. Wakaenda ziwani, yeye na gauni la manjano, mwanamume na shati jeupe mikono imekunjwa, vioo vimeteremshwa, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Watoto wa shule waliwapungia. Walipokezana usukani. Huko ziwani fundi wa lifti alimbusu, akamwachia alama ya grisi shavuni, na hakumwambia mpaka walipofika nyumbani na shangazi akauliza. Fundi wa meno alimpenda. Hakukuwa na haja ya kuzunguka mbuyu: alimpenda mpaka akaogopa.

Safari ya tatu ilikuwa ya kwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, katika mji wa mbali kidogo. Uwanja ulimeta, wenye magari wamevaa suti, na mtangazaji alipita na kipaza sauti chake kutoka boneti hadi boneti. Akafika kwao.

"Hili ni la nani?"

"Langu."

"Na nani amelifufua?"

"Mimi mwenyewe," alisema fundi wa meno, na sauti yake ikazagaa uwanja mzima. "Kwenye injini nina fundi wangu ananisaidia."

Watu wakapiga makofi. Fundi wake alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti, ameshika kitambaa. Alimaliza kufuta taa aliyokuwa akiifuta, akahamia ya pili. Ukweli usemwe: yule dada alijua anachosema wakati kinamtoka, na alikuwa na nafasi ya kukirekebisha kabla kipaza sauti hakijaenda mbele. Hakukirekebisha. Njiani kurudi alizungumza sana, mwenzake akajibu kidogo, na walipoagana mlangoni hakukuwa na busu.

Simu ilikuja Jumatano.

"Jumamosi nakuja kuchukua injini yangu."

Kiburi cha fundi wa meno kikawahi kujibu. "Njoo. Geti litakuwa wazi."

"Nitatafuta mtu wa kunisaidia."

"Usitafute. Tuliifunga wawili, tutaifungua wawili."

Alipokata simu alimkuta shangazi amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Akamweleza yote, akitarajia kuungwa mkono, maana shangazi ndiye aliyehamia kwake baada ya siku ile ya mfuko wa nguo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yule daktari wako alikufuta mlangoni," alisema. "Huyu naye wewe umemfutia wapi?"

Akaenda zake jikoni. Fundi wa meno hakulala vizuri siku zile, wala hakupiga simu. Kuomba msamaha kwa simu aliona ni kama kuchonga jino bila kumwona mwenye mdomo.

Jumamosi mwanamume alikuja na pikapu ya kuazima. Ovaroli ilikuwa na makunyanzi. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, wakaanza kazi. Walimwaga maji ya rejeta, wakakinga oili, wakachomoa nyaya moja moja, wakafungua boliti za miguu ya injini. Kila aliyehitaji spana aliikuta mkononi kabla hajaitaja, maana mikono yao ilikuwa bado imezoeana hata kama wenyewe walikuwa wamenuniana. Fundi wa meno akavuta mnyororo. Injini ikanyanyuka, ikatoka tumboni mwa gari, ikaning'inia.

Sasa kazi ya kutoa injini ina hila yake. Winchi inabeba uzito, haizuii kuyumba. Mmoja huikumbatia injini itulie, mwingine husukuma gari lirudi nyuma, halafu injini inashushwa penye nafasi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hatoi injini. Mwanamume aliikumbatia.

"Haya, rudisha gari nyuma."

Fundi wa meno alifungua mlango, akaingiza mkono, akavuta breki ya mkono mpaka juu. Kisha akaja akasimama mbele yake, upande wa pili wa injini.

"Silirudishi."

"Unasemaje?"

"Gari silirudishi. Na ukiiachia hiyo, itayumba ivunje rejeta na taa zote mbili. Wewe huwezi kufanya hivyo, nakujua."

"Huku ni kuniteka."

"Ndiyo, nimekuteka. Nisikilize. Nikimaliza, ukitaka bado, nitalisukuma mwenyewe mpaka barabarani."

Fundi wa meno akamsimulia habari za maabara. Kwamba aliwahi kuwa na mchumba mwanamume alijua, lakini habari za mlango, za jina, za wateja waliopita mbele yake kwenda kumshukuru mwingine, hakuwahi kumweleza. Alizieleza bila kujipamba.

"Nimekufanyia vilevile," alisema. "Na nilijua. Niliposema nina fundi wangu nilikuona umesimama pale. Nikaona afadhali uumie wewe kuliko nipotee mimi tena. Nisamehe."

Mwanamume aliegemeza paji la uso kwenye chuma. "Mimi sikutaka gari," alisema. "Gari ni lako. Ningelipanda kama abiria mpaka nizeeke. Nilitaka unitaje tu."

"Nikutaje kama nani?"

Hilo lilimkwamisha. Alikuwa mtu wa kutoa watu waliokwama ndani ya lifti, lakini yeye mwenyewe alipokwama hakujua pa kubonyeza.

"Basi nitasema mimi," alisema fundi wa meno. Alikuwa ameshikilia ukingo wa gari, na alikuwa ameamua. "Nioe. Nikiulizwa popote, mbele ya kipaza sauti au mbele ya malaika, nitasema mume wangu ndiye aliyelitia roho. Na siku nikisahau, nikatize hadharani."

Jikoni mfuniko ulianguka sakafuni, ukazunguka, ukatulia.

"Unaniposa nikiwa nimekumbatia injini?"

"Ndio wakati pekee ambao huwezi kuondoka."

Mwanamume alijaribu kutocheka, akashindwa, na kicheko kikaitikisa injini ikabidi aikumbatie zaidi. Kisha kicheko kikaisha. Alikuwa ameumia kweli, na maumivu hayatoki kwa kicheko kimoja. Lakini alimwona mtu aliyesimama mbele yake amejaa oili hadi viwikoni, aliyeweza kumwacha aende na hakumwacha.

"Mikono inaniuma," alisema.

"Hilo si jibu."

"Shika mnyororo."

"Nipandishe au nishushe?"

"Shusha. Polepole, upande wako uko juu kidogo."

Alishusha. Injini ikarudi pale ilipotoka, taratibu, mwanamume akiielekeza kwa kifua na mikono miwili. Kuirudisha ni kazi kuliko kuitoa, kila fundi anajua: tundu zikilingana huku, kule zimepishana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi fundi wa meno ndiye aliyetandika gunia akaingia chini ya gari kutafuta tundu za boliti. Huko chini machozi yakamtoka.

"Oili imekuingia machoni?" mwanamume aliuliza kutoka juu.

"Hapana. Nalia. Nipe boliti."

Alimpa. Akamwambia asiikaze sana ya kwanza, wangoje zote zikae. Yeye akajibu kwamba anajua, akaikaza nusu, akajifuta machozi kwa mkono wa nguo yake. Kisha akaona uso wa mwanamume umeinama pembeni mwa gurudumu, juu chini, umejaa vumbi.

"Sijakujibu," mwanamume alisema.

"Umeshajibu. Umesema shusha."

"Hapana, tusizoeane vibaya tena. Haya mambo yanatakiwa kutamkwa." Akakohoa kidogo, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye chini ya gari. "Nitakuoa. Nasema kwa mdomo wangu, na shangazi asikie."

"Nimesikia tangu mwanzo," alijibu shangazi dirishani. "Kazeni hizo boliti."