Mtani wa Mzee Kondo

"Ndugu Abasi, ulikuwepo. Waambie tulikuwa wapi siku ile."

Mkutano mzima wa Kwihara uligeuka kumtazama Abasi.

Alikuwa amesimama chini ya jukwaa, kalamu mkononi. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu la sentensi moja tu, na lingetosha kumwokoa mwanamke aliyekuwa juu ya jukwaa lile.

Abasi akatazama viatu vyake.

"Mimi ni mwandishi wa habari," akasema. "Siruhusiwi kuchukua upande."

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka. Wakafuata wengine. Bi Imakulata akakunja karatasi yake, akaketi, ingawa muda wake ulikuwa haujakwisha...

Wasomaji wangu, msikimbilie kuhukumu. Acheni niwaeleze jambo hili tangu mwanzo wake, kwa sababu likisimuliwa nusu litakuwa kama lilivyoandikwa gazetini.

Ulikuwa mwaka wa sabini, mwaka wa uchaguzi. Wagombea walikuwa wawili, wote wa chama kimoja, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Ndugu Yoramu alipewa alama ya jembe. Bi Imakulata, ambaye wengi walimfahamu kwa kazi yake ya bibi maendeleo, alipewa alama ya nyumba.

Walizunguka pamoja katika Landrova moja na kupanda jukwaa moja. Kanuni za kampeni zilikuwa kali: mgombea hataji kabila, wala hataji dini. Akithubutu, msimamizi humkatiza papo hapo.

Abasi alikuwa mwandishi wa gazeti moja la Dar es Salaam, na habari zake alizipeleka kwa simu kutoka posta ya Tabora. Alipeleka habari za visima vilivyokauka. Alipeleka habari za zahanati isiyokuwa na mkunga. Hazikuchapwa.

Mhariri wake alitaka jambo moja tu. Wakati ule serikali ilikuwa imetoa mapendekezo ya sheria mpya ya ndoa, na nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu wake wengi. Basi, mhariri akauliza, mwanamke huyo anasemaje? Mume wake amemruhusu? Akienda bungeni, nani atawapikia watoto wake?

Ndugu Yoramu naye alikuwa na watoto. Hakuna aliyeuliza nani huwapikia.

Abasi aliyapeleka maswali yale kwa Bi Imakulata, akiona haya kidogo. Mama yule akatabasamu.

"Siku utakapomwuliza Ndugu Yoramu, njoo uniulize na mimi. Leo andika habari za maji."

Akaandika habari za maji. Mhariri akamwambia kwamba kama hana habari, atatafutwa mtu mwingine aliye nazo.

Ndipo Abasi akakumbuka msiba.

Kabla ya kampeni kuanza, alikuwa amefariki mzee mmoja wa mjini, Mzee Kondo, Mzaramo wa asili ya pwani ambaye babu yake alifika Unyanyembe, ndiyo Tabora hii, pamoja na misafara ya zamani. Alikuwa na wake watatu. Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za kubebeana mizigo katika njia ile. Mmoja akifiwa, mwenzake huja msibani kuwachokoza wafiwa kwa makusudi, ili kilio kipate mahali pa kupumzikia. Anayosema mtani msibani hayachukiwi, na wala hayabebwi kupelekwa nje.

Bi Imakulata, Mnyamwezi, alikuja kutimiza wajibu wake. Alivaa kofia ya marehemu, akashika bakora yake, akalala kifudifudi mlangoni ili jeneza lisipite.

"Hatoki mtu hapa," akasema. "Wake watatu umewachosha, sasa unakwenda kutafuta wa nne huko? Wanaume wa namna yako wangezikwa mapema, wajane wapate kulala."

Wajane wenyewe walicheka hadi wakashikana mabega. Wakamtupia jogoo, ambaye ndiye fungu la mtani, naye akainuka kulipisha jeneza.

Lakini aliyekuwa wa kwanza kucheka alikuwa Abasi. Tangu kifo kile kitokee alikuwa hajalia wala hajasema neno. Kicheko kilimtoka, kikafungua na machozi, akalia kama mtoto huku Bi Imakulata amemshika kichwa.

Naam, wasomaji wangu. Marehemu alikuwa baba yake mzazi.

Basi mhariri alipomtishia, Abasi akaenda posta, akainua simu, akayasoma maneno yale neno kwa neno. Hakuongeza hata moja. Aliacha tu kusema kwamba yalisemwa msibani, na kwamba aliyeyasema alikuwa mtani.

Mhariri akamwita kijana hodari.

Gazeti likaja na treni. Kichwa chake kilijaza upana wa ukurasa: MGOMBEA ATAKA WENYE WAKE WENGI WAZIKWE MAPEMA. Katika baraza ya duka la Fakhrudin lilisomwa kwa sauti, likarudiwa kwa waliochelewa. Waliokuwa msibani walijua ukweli, lakini walikuwa wachache, na gazeti lilipita kijiji hadi kijiji.

Jioni ile mama yake Abasi, Bi Mwanahawa, alimkuta mwanawe anakula. Hakuketi.

"Nenda ukaseme, Abasi."

"Nitakwenda, mama."

"Aliyekutoa machozi ulipokuwa huwezi kulia ndiye huyo uliyemuuza. Nenda kesho."

Kesho yake ulikuwa mkutano wa Kwihara, na mkulima mmoja mwenye wake wawili aliinuka kuuliza ikiwa yeye naye anatakiwa kuchimbiwa kaburi.

Bi Imakulata alianza vizuri. "Baba, yale yalikuwa maneno ya utani. Mimi ni Mnyamwezi, na marehemu alikuwa..."

Msimamizi akainuka. "Ndugu mgombea, kabila halitajwi hapa."

Hivyo mdomo wake ukafungwa na kanuni. Uliobaki ni mdomo wa Abasi, na mlikwisha kusikia ulichosema.

Jembe lilishinda.

Baada ya matokeo kutangazwa, Abasi aliandika masahihisho. Mhariri akamjibu kwamba uchaguzi umepita na hiyo si habari tena. Akaandika mara ya pili, hakujibiwa. Mara nyingi alipita mbele ya nyumba ya Bi Imakulata, kila mara akijiambia kwamba atabisha hodi atakaporudi. Akirudi, alipitia njia nyingine.

Ikapita miaka. Watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, Bi Mwanahawa akafariki.

Uani palijaa. Wanawake waliegemeza mchi wa marehemu karibu na mlango, ili mtani akifika apate kitu cha kunyakua. Kila mmoja alikuwa akingoja, na Abasi kuliko wote. Kama katika msiba wa baba yake, alikuwa hajatoa hata chozi.

Bi Imakulata alifika. Akautazama mchi, akausogeza kando taratibu, akaketi na kukunja mikono.

Abasi akapiga magoti mbele yake.

"Dada, nitanie. Nitukane. Lolote."

"Pole kwa msiba, ndugu mwandishi."

"Nakuomba, dada."

"Wewe ukiwapo, mimi husema yale tu ambayo ningependa yaandikwe." Sauti yake haikuwa na hasira. "Andika kwamba nilikuja kukupa pole."

Jeneza likainuliwa. Likapita mlangoni bila kuzuiwa na mtu, na kwa Abasi, ambaye macho yake yalikuwa makavu, lilikwenda upesi mno.

Nanyi mnaosambaza kipande cha maneno ya mwanamke anayegombea, kilichokatwa mbele na nyuma: kabla hamjabonyeza, ulizeni alikuwa wapi aliposema hayo, na alikuwa akimfariji nani.