Kiti cha Bi Muhsina

Ijumaa asubuhi Lamya na bibi yake, Bi Muhsina, hukaa jikoni kwao Bawshar, mtaa wa mji wa Muscat, wakinywa chai ya maziwa, bibi akimuuliza mjukuu wake habari za skuli. Ijumaa ile walikunywa haraka. Bibi alikuwa anasafiri peke yake kwenda India kutibiwa magoti, kama afanyavyo kila mwaka.

"Lamya, ombi la kiti cha magurudumu cha bibi ulilituma kwa shirika la ndege?" aliuliza baba yake, Nasr.

"Nimelituma, Baba," Lamya alijibu bila kuinua macho.

Hakuwa amelituma. Siku tatu nzima alicheza michezo kwenye simu, kila mara akijiambia atalijaza baadaye. Kisha akajipa moyo, maana bibi mwenyewe aliwahi kusimulia habari za kiwanja cha ndege cha huko India: "Kiwanja chenyewe kidogo, ukumbi mmoja tu. Nnashuka kwenye ndege, hatua chache nnawaona wenyeji wangu."

Baba alikuwa akifanya kazi uwanja wa ndege wa Muscat. Yeye mwenyewe alimsukuma mama yake kwenye kiti mpaka mlango wa ndege, na hakuna aliyeuliza lolote kuhusu ombi. Lamya akashusha pumzi.

Wakati wa kurudi nyumbani, baba aliendesha gari akitabasamu. "Bibi yako atashangaa leo! Ule ukumbi aliouzoea kule India umefungwa. Wamefungua jengo jipya. Zamani zilitua ndege nne kwa siku, sasa zinafika thelathini. Kutoka kwenye ndege hadi nje ni robo saa nzima kwa miguu, tena kwa mtu mwenye afya. Alhamdulillahi, kiti kitamngojea."

 Lamya alimwona bibi akilini mwake, akishika ukuta, watu wakimpita na masanduku yao.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "sikulituma lile ombi. Nilikudanganya."

Baba alitoka barabara kuu. Alisimama kwenye kituo cha mafuta, mtaa wa Ghubra, akalipigia simu shirika la ndege. Aliambiwa asubiri, akahamishiwa kwa mtu mwingine, akaeleza yote upya.

"Watapeleka ujumbe," alisema mwishowe. "Lakini viti vya leo vimeshapangiwa watu. Hawana hakika."

Mchana Lamya hakugusa chakula. Baba aliporudi kutoka sala ya Ijumaa, simu ililia, Lamya akaipokea.

"Nimefika," alisema bibi, akihema. "Nimesimama muda mrefu mpaka miguu inatetemeka. Ndiyo kwanza nimepata kiti, msichana mmoja ananisukuma. Jengo kubwa hili, mjukuu wangu! Halina mwisho!"

"Bibi, ni kosa langu," alisema Lamya, akaeleza kila kitu huku akilia.

Bibi alimtuliza: "Nimekusamehe. Ungezidi kuficha, saa hizi ningekuwa bado nimesimama."

Simu ilipokatika, baba alikaa karibu na Lamya.

"Umefanya vizuri kusema kweli," alisema. "Lakini ulichelewa, na aliyeumia kwa kuchelewa kwako ni bibi, si wewe. Mambo hubadilika, mwanangu. Hata kiwanja kidogo hukua. Ndiyo maana hatubahatishi kwa mtu anayetutegemea. Kazi ukishindwa kuifanya, niambie mapema kwamba hujaifanya. Nitakasirika kidogo, halafu tutaifanya pamoja."